Jeneza Tupu la Athene

Mama yangu mpenzi,

Unajua mwanao hajawahi kuwa na subira na Wagiriki. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini nilialikwa Athene kutoa mhadhara, nikakuchukua. Nilipanda ndege nikiwa tayari kugombana: kwamba walijifunza mengi kwa Wamisri, kwamba demokrasia yao haikuhesabu wanawake wala watumwa. Bado nasema hivyo.

Pale kwenye makaburi ya kale, nje ya ukuta wa mji, nilimkatiza binti aliyetuongoza kila alipofungua mdomo. Wewe na kitambaa chako cheusi cha matanga mlishatuacha. Tulikukuta ndani ya makumbusho, mbele ya jiwe lililochongwa mke na mume wakishikana mikono. Uliwainamia ukawaambia, "Poleni." Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akidhani unamsalimu yeye.

Binti akasimulia kwamba baada ya vita Wagiriki walibeba mifupa ya wafu wao, pamoja na jeneza moja tupu, la wale ambao miili haikuonekana. Nilikutafsiria, kisha nikaanza kumbishia. Ukanishika mkono.

"Papa, nyamaza," ulisema, kwa jina ulilotuitia watoto wako wote wa kiume. "Muulize, hilo tupu nalo walililia?"

Akajibu kwamba walililia kama mengine.

Baba alichukuliwa Bujumbura wakati wa vita na hatukuona hata kiatu chake. Miaka yote ya ukimbizini Overport, Durban, ulikataa kuganduka, ile siku yetu Warundi ya kumaliza matanga, kwa kuwa hukuwahi kumzika. Wachungaji walikusihi, mimi nikakuhubiria kwa hoja za vitabuni. Wote tuliambulia patupu.

Tuliporudi Durban ukaagiza jeneza kwa fundi wa Cato Manor. Mchungaji akasema kuzika sanduku lisilo na mtu ni upagani.

"Eish, mchungaji," ukamjibu, "na kaburi ya Yesu si iko tupu?"

Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akashika jeneza upande wa mbele. Ulilia siku nzima. Kesho yake ukatoka chumbani na kitenge cha njano, ukauliza nani amepika.

Wiki iliyopita tuliganduka kwa ajili yako, mama. Nimekuzika mwenyewe, najua ulipolala, na Jumapili naenda kung'oa majani. Bila wewe nisingejua kwamba hiyo ni bahati. Asante.

Pumzika,
Mwanao wa kwanza