Nozeli ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu imenichosha. Asubuhi imekohoa weee, ikamwaga moshi mweupe mpaka jirani akafunga madirisha. Inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mwenye duka la magodoro kapiga simu: wiki ijayo nisipofika na gari zima, atatafuta dereva mwingine. Nikasema naipeleka kwa fundi. Baba kanikatiza — fundi wa nini na yeye yupo? Kaendesha malori tangu ujana wake. Ni nozeli, anasema, kile kinachopulizia dizeli ndani ya injini; tutabadilisha hapa hapa uani.

Haya.

Jumatano, 5 Machi

Tumepima. Injini inaunguruma, mimi nalegeza nati za paipu za dizeli, nozeli moja baada ya nyingine. Ukilegeza nzima, injini inayumba. Ukilegeza mbovu, hata haijali. Ya kwanza — ikayumba. Ya pili — nusura izime. Ya tatu — kama sijagusa kitu. Ya nne ikayumba.

Baba kasimama pembeni, kainamisha kichwa. "Ya pili hiyo."

"Ni ya tatu, Baba."

"Mimi nasikiliza injini tangu hujazaliwa."

Nimebishana mpaka koo limekauka. Namuuliza hili, ananijibu lile. Mama anasema nimwache, baba yako siku hizi hasikii la mtu. Sikio la kufa kweli halisikii dawa!

Ijumaa, 7 Machi

Tumeng'oa ya pili, kwa amri yake. Ilikuwa imeganda kama imechomelewa. Kuipaka mafuta, kuigonga, kuizungusha — kidole gumba changu sasa cheusi. Tumefunga mpya na washa yake, kile kipete cha shaba cha kuzuia uvujaji, tukapampu kutoa hewa, ikawaka. Moshi ule ule. Mtetemo ule ule.

Baba kanipiga bega, anacheka. "Umeona sasa?"

Nimeona nini? Ningefungua mdomo ningetukana, na mzazi hatukanwi.

Jumamosi, 8 Machi

Heshima imenishinda. Baba alipotoka kwenda kwa kinyozi, nimeng'oa ya tatu. Ncha yake imeungua, imeziba. Pale pale nikafunga ile ya pili tuliyoing'oa jana, aliyoiita mbovu, na washa mpya. Mama kanishikia spana.

Nikawasha. Moshi mara moja tu, kisha ukakatika. Injini ikatulia, inaunguruma taratibu kama cherehani. Nilitamani kupiga vigelegele. Maneno ya kumwambia Baba nilikuwa nimeshayapanga, moja moja, tena makali.

Akaingia getini, nywele zimenyolewa vizuri. Akaja mpaka hatua chache mbele ya gari. Boneti iko wazi, injini inaunguruma. Akanitazama, akaitazama.

"Vipi, leo huiwashi tuisikilize?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikamgeukia Mama. Mama kainama, anafuta spana ambayo haina hata tone la mafuta.

"Washa basi, mwanangu," kasema Baba. Kashainamisha kichwa, sikio upande wa injini.

Maneno yangu makali yote yamepotea. Nimemwambia ngoja, naleta ufunguo. Ufunguo uko kwenye gari. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani, naandika haya kwa mikono yenye dizeli. Dirishani namwona — kasimama pale pale, ananisubiri niwashe. Na huku ndani, milango yote imefungwa, mimi naisikia injini ikiunguruma.