Baba, Zima Subira

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum huko uliko, na Mwenyezi Mungu akupanulie nafasi. Nakuandikia kutoka nyumbani kwetu Hail, katika chumba chako cha kompyuta ambacho Mama mpaka leo anakiita uwanja wa ndege. Wiki hii nimenunua kompyuta mpya, na leo baada ya sala ya Ijumaa nimekaa kuipanga: sauti, rangi, ukubwa wa picha. Nikateremka kwenye mipangilio ya kadi ya picha mpaka nikalikuta lile neno letu, na mkono ukakataa kuendelea. Nimelitazama hadi chai imepoa.

Vijana wa michezo ya kompyuta wanaliita visinki, na wanabishana juu yake kama mashabiki wa mpira. Huyu anasema iwashwe daima, yule anasema mwenye akili haiwashi kabisa. Nawasikiliza nikicheka peke yangu, kwa sababu sisi tulikwisha kubishana juu ya jambo hili zamani, mimi na wewe, na sisi tuliliita subira.

Unakumbuka ilivyoanza? Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, mimi nipo sekondari. Ulikwenda madukani Ruwi kununua kompyuta ya kuandikia kazi za wizara, ukarudi na kompyuta na mchezo wa kurusha ndege. Mama akakigeuzageuza kile kisanduku cha mchezo mkononi.

"Na hiki nacho cha wizara?"

"Hicho cha usafiri," ukamjibu, bila ya kucheka hata kidogo.

Basi kila Ijumaa baada ya alasiri ukawa unasafiri. Ulivaa kanzu safi na kofia yako ya kushona kwa mkono, utadhani abiria watakuona. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, kiyoyozi kinanguruma, pazia limefungwa kuzuia jua, na chumba kizima kina rangi ya maji kwa ule mwanga wa kioo cha kompyuta. Tuliruka kutoka uwanja wa hapa kwetu, Seeb, bahari kushoto, milima kulia, tukafuata pwani mpaka nchi ikatuishia. Hapo ulikuwa unauharakisha mchezo ili masaa ya bahari yapite kwa dakika, na mimi nilisinzia na kuamka, nikasinzia tena, na kila nikifumbua macho ni buluu tupu. Sikukuuliza tunakwenda wapi. Nyumba nzima ilijua kuwa wewe ukiruka unakwenda Unguja.

Lakini kila ulipoiinamisha ndege upande, picha ilikatika. Sehemu ya juu ya kioo ilibaki nyuma, ya chini ikatangulia, na mstari wa bahari ukavunjika katikati kama kitambaa kilichoshonwa na fundi mwenye haraka.

"Ah! Bahari imechanika tena," ulisema, na kwa kweli ilikuuma. Siku moja ulinitaka nikutafutie dawa.

Nikasoma, nikauliza, nikajaribu. Ikawa hivi: kioo kinachora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, kwa mwendo wake ule ule. Kadi ya picha yenyewe haina mwendo mmoja. Tukiwa juu ya bahari tupu haina kazi ya kufanya, kwa hiyo inamaliza haraka na kuleta picha mpya kabla kioo hakijamaliza ile ya mwanzo. Ndipo unapoona ya zamani juu na mpya chini. Kulikuwa na kitufe cha kuiambia kadi ingojee kioo kimalize. Ulivaa miwani ukayasoma yale maneno ya Kiingereza taratibu, kwa kidole.

"Inaambiwa ingoje. Basi hii ni subira, mwanangu. Iwashe."

Nikaiwasha, na bahari ikawa nzima. Wallahi Baba, sijasahau. Uliinamisha ndege kulia, ukainamisha kushoto, na maji yakateleza bila ya mkato wowote, mapana, yametulia. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu ambacho hakutegemea kukipata humu duniani.

Tangu siku hiyo hukutaka kusikia subira imezimwa. Wana wa Ami Khalfan walipokuja kucheza mbio za magari na mimi, nilikuwa naizima kimyakimya, kwa sababu nayo ina kodi yake: mkono unageuza usukani, gari linageuka baadaye kidogo, na kwa hicho kidogo ndugu zako wanakupita. Ukija kukaa kwenye ndege yako ulijua mara moja. "Nani kaizima subira humu ndani?" Nyumba nzima inasikia, na mimi nimejificha jikoni nikila sambusa za Mama.

Nayo simu ya Shangazi iliingia Ijumaa hizo hizo. Dada yako mkubwa, uliyemwacha Unguja ulipoondoka baada ya mapinduzi, kijana hujaanza hata kunyoa. Hamkuwahi kuonana tena. Alipokuwa mzima mlicheka kwenye simu, mkachambua jamaa wote waliokwenda na waliobaki. Halafu akaanza kuzungumzia macho. Daktari kasema ni presha ya macho, imekula upande mmoja na sasa inakula wa pili.

"Njoo nikuone wakati bado nnaona," alikuwa anakwambia. Sauti yake ilivuka mpaka kwenye kiti changu.

"Nnakuja, Dada. Inshallah. Mtoto amalize mitihani."

Nikamaliza mitihani. Ikawa nyumba ipakwe rangi. Ikapakwa. Ikawa wizara imebanwa, halafu ikawa mpaka ustaafu. Ukimaliza kuzungumza naye ulikuwa unaiweka simu polepole, unasema, "Subira, subira," sijui unamwambia nani, kisha unakwenda kuvaa kofia yako.

Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana wa chuo nilipogundua kuwa hujapata kutua. Mara zote hizo, Baba! Bahari ilikuwa laini njia nzima, lakini kisiwa kikitokea na miti yake ya kuchorwa, na mabati, na uwanja, ile mashine yetu kongwe ilizidiwa na kazi. Ndege ikaanza kwenda kwa mishtuko. Unavuta usukani, haisikii, kisha inasikia yote kwa pamoja. Ukaguna, ukaigeuza.

"Leo hali ya hewa mbaya," ulisema. Mbingu haina hata wingu.

Nilijua kosa liko wapi, na nilijua muda mrefu. Subira inaifaa mashine yenye nguvu za ziada, inayomaliza kazi mapema na kukaa bure. Mashine iliyochoka, ikichelewa kidogo tu kumaliza picha, inalazimishwa kungoja zamu nzima inayofuata, na mwendo unashuka nusu kwa mpigo mmoja. Pale palipokuwa na kazi nyingi ndipo subira ilipokuwa inatuangusha. Ningeweza kukwambia wakati wowote, lakini ulivyokuwa ukigeuza ile ndege, na uso wako ulivyotulia tukirudi juu ya maji, nilihisi kama naingilia mazungumzo ya watu wawili.

Mpaka Ijumaa ile. Shangazi alipiga simu akicheka. Alisema, "Jana nimeuamkia mlango. Nimesema karibu, karibu mwanangu, kumbe mlango umefunguka kwa upepo." Alicheka sana, na wewe ukacheka naye, na ulipoiweka simu ukasahau hata kuvaa kofia. Ukaenda kwenye ndege. Kisiwa kikatokea, mishtuko ikaanza, na nikaona bega lako linajitayarisha kugeuza.

"Baba," nikasema, "zima subira."

"Subira haizimwi, mwanangu."

"Hapa inazimwa. Huku mashine imechoka. Kila ikingoja inazidi kuchelewa."

"Na picha ikichanika?"

"Itachanika. Lakini tutafika."

Baba, sitakudanganya leo. Sikuwa nazungumzia mashine peke yake, na wewe ulijua. Ulinitazama, na niliogopa, maana sikuwahi kukusemesha hivyo. Uliusimamisha mchezo, ndege imening'inia hewani juu ya pwani. Kisha ukanisogezea kipanya cha kompyuta.

Nikaizima. Kisiwa kikaja kimepasuka vipande, minazi imekatwa viunoni, njia ya kutua imevunjika mara mbili, lakini ndege ilikusikia mkono. Ulitua. Vibaya, tuliruka kama mpira, lakini ulitua. Ukaiendesha mpaka mwisho wa njia, ukazima injini. Mbele yetu palikuwa na majani ya kijani yasiyo na mwisho na kijumba kimoja cha rangi ya kijivu. Ukayatazama yale majani.

"Dada hayumo humu," ulisema.

"Hayumo, Baba."

"Khalas. Kesho ntakwenda kuuliza tiketi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Alilia pale pale, na wewe ukamtania kuwa anatia chumvi kwenye kahawa.

Katika ndege ya kweli ulinipa mimi kiti cha dirishani. Wewe uliyekuwa ukikaza macho kwenye kioo kila Ijumaa hukutazama nje hata mara moja. Tulipoanza kuteremka nilikwambia, "Baba, minazi!" ukatikisa kichwa na kufumba macho, ukanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yako ikaniachia alama. Kiganja chako kilikuwa cha baridi. Nikauacha mkono wangu hivyo hivyo mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Shangazi alikuwa amesimama nje kwenye jua, mdogo kuliko sauti yake, ameshikwa mkono na jirani. Uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamebakiwa na upande mmoja tu wa kuonea. Watu walipita wengi mbele yetu wenye kanzu na kofia. Ukasimama na sanduku lako, hukuthubutu kusogea. Kisha yeye akaita.

"Kijino!"

Sikujua anamwita nani. Nikageuka nyuma kutafuta mtoto. Na wewe, Baba, mkubwa wa idara, mtu ambaye nyumbani ukiita sote tunakimbia, ukaitika pale pale.

"Naam, Dada!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia maishani mwangu. Ilikuwa ya mtu aliyetumwa dukani akachelewa njiani. Ulikwenda mbio, sanduku umeliacha katikati ya watu. Akakushika uso kwa mikono miwili, akauvuta karibu, akaugeuza kwenye mwanga, upande huu na upande ule, mpaka akaupata pale anapoona.

"Umezeeka, Kijino. Nani kakuruhusu?"

Mimi nilikwenda kuliokota sanduku ili nipate mahali pa kuuficha uso wangu.

Tulikaa naye mpaka likizo ikaisha. Tuliporudi Hail ulianza kuruka kwenda kila mahali, Kairo, Bombay, Istanbul, unatua kama hodari, na subira unaiwasha na kuizima mwenyewe bila ya kuniuliza. Baharini inawashwa, ukifika mijini inazimwa. Ukawa unanifundisha mimi! Nilikuacha unifundishe. Miaka ile michache ya mwisho ulikuwa mwepesi, Baba, na nilikupenda zaidi nilipojua kuwa uliwahi kuwa mdogo wa mtu.

Sasa chumba ni changu. Mashine hii mpya ina nguvu nyingi kuliko inazohitaji, kwa hiyo subira nimeiwasha, na nimeruka kidogo juu ya bahari yako. Haina mkato. Nimekukumbuka, nikaiachia ndege iende yenyewe, pazia limefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na kiti chako hakina mtu.

Jambo moja sijakwambia, maana hukuwepo kulisikia. Siku ile tulipokuzika, mimi ndiye niliyempigia simu Shangazi. Ulikuwa umepita muda mfupi tu tangu giza limfunge kabisa, na mwaka mzima nilikuwa nikimwogopea khabari kama hiyo. Nikamwambia. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilimwona."

Pumzika, Baba yangu. Mungu atukutanishe penye kheri.

Binti yako,
Rayya