Injini Ilipozima Kileleni

Mwenzangu, nimeumbuka. Nimejificha chooni kwenye kituo cha mafuta, usinipigie, soma tu.

Si unajua tunampeleka mama mkwe akaishi kwa wifi moja kwa moja? Yeye tumemwambia ni matembezi ya siku mbili. Ndiyo maana tukapita njia ndefu ya milimani, afurahie mandhari kwanza. Mume wangu aliapa atamwambia njiani. Saa sita nzima, domo zege!

Sasa kile kigari chetu cha haibridi, cha mafuta na umeme, kikipanda mlima injini inanguruma mpaka aliye nyuma hasikii kitu. Mama alikuwa amefumba macho. Nikaona hapo hapo ndiyo nafasi. Nikapaza sauti, mume wangu anisikie: "Utamwambia lini mama yako..."

Tukafika kileleni. Injini ikazima yenyewe, kigari kikaanza kuteremka kwa umeme, bila hata mlio.

"...KWAMBA HARUDI TENA KWAKE!"

Kwa sauti ile ile ya mlimani! Harudi tena kwake! Mimi, kwa kinywa changu!

Na mume wangu, unajua alisema nini? "Mama, ona ziwa lile." Ziwa!

Mama hakulia, hakufoka. Bora angenitukana, ningepumua. Aliuliza taratibu tu:

"Wale kuku nimemwachia jirani awalishe siku mbili. Yeye mmemwambia?"