Magitaa Kumi Kwenye Karakana ya Vitanda

Jumatatu, 3 Machi

Amekubali! Mwalimu wa muziki wa shule ya wasichana amekubali! Magitaa kumi ya umeme, atakuja kuyachukua Ijumaa tarehe 28. Nimetoka ofisini kwake kwa heshima zangu zote, nilipofika kona nikajikuta nakimbia. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na vumbi la mbao kwenye nywele.

Sharti lake ni moja. Bei isipite ya yale ya dukani, na yasiwe kama yale ya dukani. Kanifungulia stoo nikaona mwenyewe. Saba yamelala humo, shingo zimepinda, hata mwezi hayakukaa kwenye sauti. Anasema wasichana wanamjia wakilia kwamba hawana kipaji, kumbe gitaa ndilo halina. Hilo limeniuma kweli. Mtoto wa watu anavilaumu vidole vyake kwa kosa la fundi!

Nimemwambia dada. Karakana ametuachia baba sote wawili, yeye anatengeneza vitanda, mimi pia nilikuwa navitengeneza mpaka magitaa yalipoanza kuniwasha mwaka jana. Nimeuza matatu tu tangu hapo, na nusu nzima ya karakana nimeikalia. Dada kanitazama juu mpaka chini. Tumewekeana sharti: haya kumi yakichukuliwa, nusu yangu inabaki ya magitaa na hatasema neno tena. Yasipochukuliwa, narudi kwenye vitanda na mimi ndiye sitasema neno. Nimempa mkono. Kaubana kweli!

Alhamisi, 6 Machi

Tumekaa na shemeji, mume wa dada. Kibanda chake kiko ng'ambo ya ua, kazi yake ni kusuka upya mota zilizoungua, na ndiye anayenisukia koili za sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Swali la leo: tutoe nini, na nini kisiguswe hata tukikabwa.

Vanishi ya kung'aa itoke, tutapaka mafuta tu. Umbo liwe moja, habari za pembe na mabawa hapana. Sumaku moja badala ya tatu, ila hiyo moja isukwe kwa moyo wote. Mbao zitoke kwenye fremu za milango ya lile jengo lililobomolewa – mbao ngumu, zimekauka tangu sijazaliwa, na wenyewe walikuwa wanazichoma! Shingo, freti (vile vijiti vya chuma vinavyopangwa kwenye shingo), na mfupa wa pale kichwani nyuzi zinapoanzia – hapo hakuna mjadala. Shemeji akauliza kwa uso mkavu, kwa nini basi tusitoe na nyuzi mbili, bei ishuke zaidi? Nikamrushia maranda.

Jioni nimemkuta ameshasuka koili mpaka mzunguko wa elfu tano na kitu. Mtu akaja kuulizia feni yake, hesabu ikampotea. Kafumua yote na kuanza upya. Hakuna aliyemwambia afumue. Dada alijua kuchagua.

Jumatano, 12 Machi

Shingo kumi! Zimepangwa ukutani, freti zote zimo. Nimezipitisha mkono mara ishirini, kama anayempapasa paka. Dada kapita na mbao zake za kitanda, akasema nitazichosha. Wivu huo.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki hata kuandika.

Leo nimefunga nyuzi gitaa la kwanza. Huku chini karibu na kichwa, tamu. Nikapanda katikati – mh. Nikafika juu – kelele ya bawaba kavu. Nikabadilisha nyuzi. Nikasogeza daraja, pale nyuzi zinapoishia. Nikamlaumu shemeji na koili yake, akaja, akasikiliza, akasema koili haijui kuimba nje ya sauti, inasema inachosikia. Basi nikachukua rula.

Kosa ni langu. Freti nimezipima kama chaga za kitanda! Unaweka moja, unapima kutoka hiyo unaweka ya pili, unapima kutoka ya pili unaweka ya tatu. Miaka kumi na tisa mkono wangu umefanya hivyo na hakuna mteja aliyelala nje ya sauti. Lakini gitaa kila freti inapimwa kutoka kwenye mfupa. Kutoka mfupani, zote! Mimi ninalijua hili. Matatu ya kwanza nilipima hivyo. Safari hii nilikuwa na haraka, mkono ukaenda unakokujua. Unywele wa kosa kwa kila freti, mara ishirini na mbili, ukifika mwisho umeshapotea kabisa.

Na nilishachonga kipimo cha mbao, nikakatia zote kumi. Kumi!

Jumamosi, 15 Machi

Dada kaona uso wangu, kauliza, nikamweleza. Akasema ni wanafunzi, watapigia huku chini tu, huko juu nani atafika? Wapelekee. Hakusema kwa ubaya, najua. Lakini nimewaka. Nikamwambia basi na yeye auze vitanda vya miguu mitatu, wateja walale upande mmoja.

Akaweka randa chini polepole. Hajanisemesha tangu hapo. Chakula kapitisha kwa mumewe.

Jumapili, 16 Machi

Nimeng'oa. Freti zote, halafu ule ubao mwembamba wa juu ya shingo ambao freti zinakaa – nimeupiga randa mpaka ukaisha. Shingo zenyewe ni nzima, bahati. Ya kwanza nilitoa kwa hasira. Ya nne nikalia. Kufika ya saba nilikuwa naimba, sijui kwa nini.

Hesabu yangu: mbao kumi mpya, kila moja mikato ishirini na miwili, mikato mia mbili na ishirini iliyonyooka bila kuteleza. Kwa mwendo wangu ni siku kumi. Siku zilizobaki ni kumi na mbili, na bado kuna kugundisha, kupiga freti, kusawazisha. Haifiki. Nimejumlisha kila namna, haifiki.

Jumatatu, 17 Machi

Lo! Lo! Lo!

Nilikuwa kwenye ubao wa kwanza, mkato wa tatu, jasho linanitiririka. Dada akaja na zile klempu zake, vyuma virefu vya kubania, za kuunganishia vichwa vya vitanda. Bado kanuna. Hakunisalimu. Akazikusanya mbao zangu zote kumi, akazilaza ubavu kwa ubavu, akasawazisha ncha kwa kiganja, akakaza klempu. Zikawa ubao mmoja mpana kama meza. Akalaza ubavu wa kitanda juu yake uwe mwongozo wa msumeno. Ndipo akafungua mdomo: "Mimi chaga sikati moja moja. Wewe ulichobeba kutoka kwenye vitanda ni kosa tu, maarifa umeyaacha huko huko."

Mkato mmoja unapita kwenye zote kumi! Ishirini na miwili tu!

Nimepima kutoka mfupani, mara tatu kila mstari, yeye kashika ncha ya rula na kunisomea namba kwa sauti ya hakimu. Kabla ya chakula cha mchana tumemaliza. Na zote ni pacha. Hapo ndipo bei ilipokuwa imejificha! Sikupunguza kazi hata chembe, ile ile, ila imefanywa mara moja badala ya mara kumi.

Nikamwomba msamaha kwa maneno ya juzi. Akasema kitanda cha miguu mitatu nitakilalia mimi. Tumepatana.

Ijumaa, 21 Machi

Gitaa la kwanza limefungwa nyuzi. Chini, tamu. Katikati, tamu. Juu – tamu!! Nimepanda mpaka freti ya mwisho nimefumba macho. Simu inayosoma noti inasema sawa, sawa, sawa. Nimepiga kelele, jirani akachungulia. Naujua wimbo mmoja tu, nimeupiga mara saba. Shemeji kasimama na koili mkononi, anatikisa kichwa kama mzazi kwenye mahafali. Akasema: "Shemeji, jifunze wa pili, tunakuomba."

Jumatano, 26 Machi

Kumi. Vidole vimechanika. Nimefurahi mpaka naogopa.

Mwalimu kapiga simu. Ijumaa atakuja na mpiga solo wa bendi ya harusi, mama anayejua gitaa kuliko yeye. Huyo asiporidhika, gari la shule litarudi tupu. Kasema kwa upole, lakini kasema.

Dada kasikia yote. Kafagia karakana nzima, upande wangu pia.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimekaa juu ya rundo la mbao, wao wako pale mbele yangu, lazima niandike la sivyo nitapasuka.

Mpiga solo ni mama mfupi, miwani kwenye kamba, kucha za mkono mmoja ndefu, za mwingine zimekatwa hadi nyama. Mwalimu akamwambia achukue lolote la mbele. Akaingia mpaka katikati, akachomoa la saba. Hakuanzia chini. Alienda moja kwa moja juu kabisa! Roho ikanitoka. Akapiga noti moja, akaiacha ilie, akaisikiliza mpaka ikafa. Akachukua la pili. La tisa. Akachukua yote, moja baada ya jingine, nusu saa nzima, dada kasimama mlangoni anafuta mikono isiyo na uchafu.

Mwisho kanigeukia. "Fundi, yamekosewa wapi?"

Nikamwambia hayana vanishi. Sumaku ni moja. Umbo ni moja.

"Hayo nimeyaona. Hivyo ni vitu visivyokuwepo. Mimi nauliza kilichokosewa. Kitu cha bei hii lazima kimekosewa mahali."

Akavua miwani.

"Basi mimi sijakiona."

Mwalimu kaziba mdomo kwa mikono yote miwili! Shemeji kapiga mluzi huko kibandani kwake, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote!

Sasa kimbembe ni hiki: mpiga solo hataki kulirudisha la nne. Ana harusi kesho, anasema anaondoka nalo, mimi nitengeneze jingine. Mwalimu anasema ni la shule, wasichana ni kumi, hakuna msichana wa kushika hewa. Mmoja kashika shingo, mwingine kiwiliwili, wote wawili wanaheshimiana sana na hakuna anayeachia.

Na hapo hapo mlangoni kuna mteja wa dada. Mwanamume, anaoa, anataka kitanda kikubwa, kazi ya siku mbili, dada anaijua hata amefumba macho. Namsikia:

"Rudi mwezi ujao, kaka yangu. Kwa sasa tumebanwa na magitaa."

Tumebanwa. Sisi! Dada yangu, kwa mdomo wake mwenyewe! Mteja anauliza magitaa gani tena, na dada anamshika mkono anamwingiza ndani, anamwonyesha la saba, anamweleza kwa nini freti hupimwa kutoka mfupani, na anakosea idadi, si ishirini na nne, ni ishirini na –