Mama Alisema Yaya

Istanbul, Jumapili jioni

Wifi yangu Restituta,

Marahaba. Najua shikamoo umeitamka hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo naipokea kabisa tusipotezeane muda. Hamjambo hapo Viwanja Sitini? Kaka yangu Masanja mgongo umemwachia, au bado anatembea kama amebeba gunia ambalo halipo? Neema anaendeleaje na shule? Mimi mwili mzima. Kifua kinanisumbua kwa baridi ya huku, lakini nakula, nalala, kazini naenda. Moyo ndio unaoumwa, na ndio ulionifanya nitafute kalamu.

Utashangaa barua ya nini siku hizi wakati simu ipo. Mwenzangu, simu yako naijua. Ukipokea tu unaweka spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia jirani naye ananisalimia, na muuza samaki mlangoni anauliza eti huku kuna theluji. Hili ninalotaka kusema si la spika. Barua nitampa mama mmoja wa Morogoro anayerudi nyumbani, ameahidi kuikabidhi kwa kondakta wa basi la Ifakara. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza msomee Masanja, polepole.

Ni kuhusu ile sauti ya Mama uliyonirekodia kwenye simu, siku mbili kabla hajafariki.

Niliisikiliza mara moja tu, nikaifunga. Mwaka mzima sikuigusa. Nilichobaki nacho kichwani ni Mama, sauti imekwisha, anasema, "Yaya. Yaya," halafu wewe unadakia, "Umesikia wifi? Anakuita. Yaya, Yaya, ndiyo kutwa nzima. Fanya uje." Nikajua naitwa. Nani hapo nyumbani asiyejua Yaya ni mimi? Na wewe ndiye uliyelianzisha, usibishe. Nilipokwenda Dar kulea watoto wa watu ukaanza utani wako, "Yaya wetu anakuja Krismasi, twangeni mpunga," mpaka Masanja akashika, mpaka Neema akakua akidhani jina langu ni Shangazi Yaya.

Basi niliitwa na sikuja. Watu niliwaambia kibali changu kimeisha, nikitoka sirudi tena, na kweli kilikuwa kimeisha. Lakini mlango wa kutoka ulikuwa wazi, wifi. Nilikaa kitandani begi liko miguuni, nikawaza kazi, nikawaza nikifika huko nitaanzia wapi, nikajidanganya kwamba atapata nafuu kama alivyopata mwaka wa nyuma. Alhamisi ukapiga kuniambia Mama hatunaye. Mama mdogo aliposimama msibani, mbele ya watu, akasema dada yake amekufa akimwita mwanawe na mwanawe yuko anasukuma vigari vya watoto wa Wazungu, maneno yale yalinifikia yote. Sikumjibu kwa sababu niliona ana haki.

Sasa ngoja nikueleze neno lenyewe lilivyonizunguka huku, ndipo utanielewa.

Wiki yangu ya kwanza tu nilikuta kibao barabarani kimeandikwa YAYA kwa herufi kubwa, na neno jingine refu baada yake. Nikamwuliza baba mwenye nyumba ninayofanyia kazi, ambaye ni mwalimu wa lugha, kibao kinasemaje. Akasema yaya hawaruhusiwi kuingia. Nikamwambia, jamani, yaya tumewakosea nini mpaka tuwekewe vibao? Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwa Kituruki yaya ni mtu anayekwenda kwa miguu. Zamani, anasema, hata askari wasio na farasi waliitwa hivyo. Akaenda kwenye vitabu vyake kutafuta neno letu la Kiswahili, akarudi na habari kwamba huenda liliachwa pwani na Wareno, kwamba kwao mlezi wa mtoto huitwa jina la kufanana na hilo. Nikamwambia Wareno huko bondeni kwetu hatukuwaona, tuliona mafuriko tu.

Mkewe yeye ni wa ukoo wa Wagiriki waliobaki wachache hapa mjini, na mama yake mzazi anaishi nasi. Wajukuu wanamwita yaya. Kwa Kigiriki ndiyo bibi. Siku za mwanzo mtoto akilia "Yaya!" tulikuwa tunainuka wawili, mimi na yule bibi, tunakutana mlangoni, yeye na fimbo yake mimi na chupa ya maziwa. Siku moja akanishika mkono akaniambia kitu nisichokielewa, akacheka. Nikacheka naye.

Halafu kuna Mado, Mkongo ninayepanga naye chumba. Ni mdogo kwangu, na kwao dada au kaka mkubwa huitwa yaya, huwezi kumwita jina lake kavu hivi hivi. Kwa hiyo nikirudi chumbani kwetu Jumamosi jioni, wiki ya kazi imeisha, viatu mkononi, miguu imevimba, nasikia, "Yaya, chai iko tayari." Haki ya Mungu, wifi, kuna wiki hilo ndilo jambo jema pekee ninalosikia.

Nikalizoea kila mahali. Kumbe kuna mahali nililisikia kabla ya kote huko, nikapasahau.

Jumapili iliyopita ilikuwa inatimia mwaka tangu mmzike Mama. Nilitoka kanisani, sikutaka kuongea na mtu. Mado akaniambia, niwekee sauti ya mama nimfahamu. Nilikataa, akasisitiza, nikampa simu mwenyewe nikageuka kuosha vyombo, nimefungua maji kwa nguvu nisisikie. Akasikiliza. Akarudia. Akaja akafunga bomba, akasema kwa Kiswahili chao kile, "Yaya, huyu mama haiko naita mutu. Iko najibu."

Nikamfokea. Nikamwambia wewe Mado lugha ya kwetu huijui, usiniletee. Akasema, "Kweli siijui. Lakini mutu akiita anainua sauti. Huyu anaiweka chini. Sikiliza."

Nikasikiliza. Na safari hii nilikusikiliza wewe, wifi. Mara ile ya kwanza nilikuwa nayapita maneno yako kumkimbilia yeye. Unasema, "Mama, nimewasha simu, Kabula atakusikia. Tumwambie arudi?" Unarudia, "Mama? Tumwambie Kabula arudi?" Ndipo Mama anasema, "Yaya. Yaya."

Wifi, kwa Kisukuma yaya ni hapana.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu iliyolowa. Nililia mpaka Mado akaogopa, akaenda kugonga kwa jirani.

Utaniuliza, wewe Msukuma mzima masikio yako yalikuwa wapi? Nimejiuliza hivyo hivyo wiki nzima. Nilifika Michenga nikiwa binti mdogo, tumekuja na ng'ombe wa Baba, sijui lugha nyingine yoyote. Hapana ya Mama ndiyo niliyokua nayo: nikisogelea moto, yaya; nikitaka kuwafuata watoto wa Kindamba mtoni, yaya. Masanja amezaliwa hapo hapo bondeni, Kisukuma chake ni cha kufukuzia ndama. Na wewe Mpogoro wa watu, Mama alijitahidi Kiswahili kwa ajili yako, na alikipenda, lakini ugonjwa ulipomzidi Kiswahili kilimtoka akabaki na cha kwao. Masanja alikuwa nje anatafuta bajaji. Ulikuwa peke yako na mtu anayeongea lugha usiyoijua, ukakamata neno moja ulilodhani unalijua. Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Mimi mwenyewe mwenye lugha nilisikia ulichosikia wewe, maana nimeitwa Yaya miaka mingi mpaka nimeacha kulisikia kama neno.

Na Mama mwenyewe hakuniita hivyo hata siku moja. Unakumbuka ile Krismasi tunakula, ukamwambia, "Mama na wewe mwite Yaya, wote tunamwita"? Alicheka mpaka akaweka chini sahani, akasema, "Jina gani hilo la kumpa mtu?" Wote mkacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilijua. Niliona uvivu kukueleza, wali ulikuwa wa moto. Ningekueleza siku ile ungejua la kuniambia.

Sasa nikuambie ukweli wa moyo wangu. Kwanza nilifurahi. Nikasema, kumbe hakuniita! Sikukosa mwito wowote! Nikamkumbuka mama mdogo na maneno yake, nikatamani nimpigie saa ile ile nimwambie amenisingizia. Furaha ile haikukaa hata chai kupoa. Mwaka mzima nilikuwa na mama aliyekufa akinitaka. Iliniuma, ilinikosesha usingizi, lakini ilikuwa mali yangu. Sasa nimebaki na mama aliyeulizwa kama nirudi akasema hapana, tena mara mbili.

Na sijui ni hapana gani, ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ulikuwepo siku naondoka. Mama hakutaka nije huku. Alisema Dar inatosha, kwamba binti akivuka maji mengi namna hiyo harudi akiwa yule yule. Tulitupiana maneno, mengine sitayaandika. Asubuhi ya safari akaondoka kwenda shambani Michenga kabla sijaamka, eti ndege wanamaliza mpunga. Nilisubiri stendi mpaka kondakta akanikaripia. Tulipofika Mkula basi likasimama abiria wanunue vitu, nikateremka na begi langu la mkononi, nikasimama pale barabarani nikitaka kurudi. Nikapanda tena. Miaka yote ile tuliongea kwenye simu, mvua, mpunga, mafuriko, mbuzi wa Masanja. Lile la kuondoka hakuligusa, na mimi sikuligusa. Nilikuwa naogopa kumwuliza kama amenisamehe. Nikasema nitamwuliza uso kwa uso.

Kwa hiyo inaweza kuwa alisema hapana, mwacheni mwanangu, msimharibie kazi yake. Na inaweza kuwa alisema hapana, simtaki, alikwenda mwenyewe. Herufi nne tu, wifi, na hapana zote mbili zinaingia humo.

Sikiliza sasa. Baada ya yaya ya pili, Mama anaendelea. Hakunyamaza. Kuna maneno mengine chini ya sauti yako, wakati wewe unaniambia umesikia, njoo. Nimeweka simu sikioni mpaka sikio limewaka moto. Napata mwanzo wa neno, halafu sauti yako inalifunika, halafu rekodi inakatika. Lakini wewe ulikuwa pale, umemshika. Aliendelea kusema nini? Najua hukuelewa. Mimi sihitaji uelewe, nahitaji sauti tu. Kaa mahali penye utulivu, fumba macho, uandike ulivyosikia, hata kama unaona unaandika ovyo, hata kama ni vipande. Nitavisoma mimi. Na niambie alikushika mkono namna gani, na alikuwa anaangalia wapi.

Sikulaumu, naomba uliamini hilo. Wewe ulimwogesha, ulimlisha, ulimgeuza kitandani wakati mimi nawageuza watoto wa wenzangu. Kama kuna mtu hapo ana deni la lawama ni huyu anayekuandikia.

Msalimie kaka yangu Masanja, mwambie asinyanyue mizigo, na asikasirike kwamba nimekuandikia wewe kwanza. Neema mwambie shangazi yake ana jina, ni Kabula, alitumie. Yule mama jirani Mndamba aliyemwosha Mama kwa mikono yake, mpe shikamoo yangu na umwambie wabeja, ndiyo asante kwa lugha ya Mama. Katekista aliyemsalia Mama kaburini msalimie pia, na mwombe Masanja aende Michenga kabla ya masika aangalie maji yasije yakalifikia kaburi. Mama mdogo mpe shikamoo, lakini haya usimwambie bado. Aendelee kusema niliitwa. Afadhali hivyo, mpaka nijue.

Na kama umesahau, wifi, niandikie kwamba umesahau. Nakufahamu kwa huruma yako. Utakaa hapo jikoni unitafutie neno tamu la kunituliza. Nakuomba kwa jina la Mungu, usinitungie.

Ni mimi wifi yako,
Kabula