Dawa ya Milcah na Lori la Viazi

Bi Khadijo mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi. Mke wangu Milcah ana saratani ya matiti na kila baada ya wiki tatu anawekewa dripu ya dawa ya saratani hospitalini mjini Nakuru, na mara mbili za kwanza alimeza vidonge vya kuzuia kutapika, akatapika kidogo tu, kesho yake ameshika jembe, mwanamke chuma, mimi hubaki kumwangalia. Sasa mimi hupakia viazi Mau Narok na kona za kule hunitapisha kwenye lori, wenzangu hunicheka, basi kabla ya dripu ya tatu nikaiba kidonge chake kimoja nikameza, na kabla hatujafika Njoro nilikuwa nimetapika hadi chai ya asubuhi, nikajua tumeuziwa vidonge bandia vya unga, nikavificha vilivyobaki juu ya kabati, nikamwambia vimeisha, nikampikia tangawizi. Baada ya dripu hiyo alitapika siku tatu, na kila nikimwaga karai ananiambia, "Pole Joash, nakusumbua." Sasa anasema dripu ya nne, ya Alhamisi hii, haendi. Nimwambie ukweli ama ninyamaze?

Joash, Njoro

Joash, mume anayemwaga karai bila kununa nampa heko, na wewe nakupa. Lakini nani alikuajiri kupima dawa? Mara mbili zilimsaidia Milcah mbele ya macho yako, ukaenda kuamini tumbo lako!

Nilimuuliza mfamasia wangu, Najwa, akanieleza hadi nikasema subhanallah. Dripu ile huchokoza utumbo, nao humwaga kemikali ya kuuambia ubongo kuna sumu, tapika. Kidonge cha Milcah huziba pale kemikali hiyo inapopokelewa, habari isifike. Kutapika kwako huanzia ndani ya sikio, linalopima unavyoyumba kwenye kona, na dawa yake ni nyingine kabisa. Kufunga barabara ya Njoro hakuzuii gari linalotoka Subukia, upande mwingine, kuingia Nakuru. Mwili umeundwa kwa ustadi, na waliozisoma njia zake wana akili. Wewe endelea na viazi.

Leo, si kesho, shusha vidonge, mpe mkononi, umwambie ulichofanya. Kisha pigeni simu hospitalini mseme alitapika bila dawa, wao watapanga. Alhamisi usipakie hata gunia moja, kaa naye. Ya lori, mwone mfamasia upate dawa yako mwenyewe.

Atakasirika, mwache akasirike. Anadhani mwili wake umeshindwa, na haujashindwa. Siku tatu alikuomba radhi kwa karai ulilolijaza wewe. Sasa ni zamu yako.