Makopa ya Baba Yasiliwe

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika Sindeni au bado inaishia Mkata? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Kwenye simu ulinicheka, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu huku unaijua: nachonga vyumba vidogo vya chuma vya kukuza sauti. Kitu kigumu kikiwekwa ndani na kumulikwa kwa mwanga unaowaka na kuzimika harakaharaka, hupata joto na kupoa, na hewa inayokizunguka huvuma. Chumba kikichongwa sawasawa mvumo hukua, kama unapopuliza mdomo wa kibuyu. Na kila kitu kina rangi ya mwanga inayokifanya kivume zaidi.

Chumba kipya kilipokamilika, nilikijaribu kwa kipande cha makopa uliyonitumia, ile mihogo mikavu aliyomenya Baba wiki aliyofariki. Nikavaa hedifoni. Mama, nywele zilinisimama! Ilikuwa ile sauti yake ya kuimbia puani akimenya mihogo. Najua urefu wa chumba ndio unaoamua sauti, na niliukata mwenyewe kwa hesabu, bila kumfikiria. Nikazima mwanga. Hapo chumba hunyamaza. Hiki kiliendelea. Mwalimu wangu anasema ni feni ya jengo. Haya, feni.

Lakini feni haielezi jambo la pili. Kipande kilivuma sana kwenye rangi ambayo muhogo safi hauvumi. Nikawapelekea wenzangu wa kemia, wakakuta sumu ya ukungu. Haifi kwa kupikwa.

Nawe unataka kuyatwanga yote, unga wake mpike ugali wa bada siku ya hitima, kila mtoto wake ale japo tonge. "Jasho la mume wangu litanidhuru vipi?" uliniuliza. Litakudhuru, Mama. Naogopa kupigiwa simu nyingine kama ile ya mwaka jana.

Wageni wapikieni wali, mchele wa Korogwe upo. Dada Mwajabu nisalimie, asiwaonjeshe wanawe hata chembe. Msalimie na Baba Mdogo, umwambie ndiye atakayechimba. Najua kuyamwaga utaona kama unamfukuza mumeo, basi yafukieni kaburini, miguuni pake.

Kipande changu nimekifukia nyuma ya maabara. Ardhi imeganda, nikachimba kwa kijiko huku nalia, watu wananitazama kama mwizi. Mazishi yake sikuyawahi, Mama. Haya nilikuwepo.

Mwanao akupendaye,
Zaina